Kabla ya Kumpeleka Kutibiwa Ulevi, Tayarisheni wa Kumpokea

Familia yenye mlevi hufikia siku ya kukata shauri. Pombe imekwisha kula nyavu, mbegu, ada ya watoto na heshima ya nyumba, ndipo wazee wanaketi na kusema: sasa apelekwe. Michango inapitishwa kwa ndugu, kwa kanisa, kwa shemeji aliyeko Kitwe au Lubumbashi. Fedha zote, nguvu zote na maombi yote yanaelekezwa kwenye safari ya kwenda, na ya kurudi hakuna anayeipangia chochote. Mgonjwa anarudi amenawiri, anapokewa kwa vigelegele, na kabla mwezi haujaisha ameonekana tena kwa muuza lutuku. Wazee wanasema fedha zimepotea bure. Mgonjwa mwenyewe anaamini kwamba yeye hatibiki.

Ninyi mnaoishi Mantapala, Nchelenge, Kashikishi na vijiji vya mwambao wa Ziwa Mweru, ushauri wangu kwenu ni mmoja: msimpeleke mtu kulazwa kwa ajili ya ulevi kabla hamjaunda kikundi cha kumpokea. Kituo cha matibabu humtoa mtu kwenye pombe. Kubaki nje ya pombe ni kazi ya miaka, na kazi hiyo hufanywa nyumbani, pamoja na watu waliopitia njia ile ile. Kimoja bila kingine huacha kazi nusu.

Mambo haya mawili yalizaliwa pamoja

Wengine hudhani hospitali ni ya kisomi na kikundi ni cha watu waliokosa hospitali. Historia inasema vingine. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa huko New York, alilazwa mara kadhaa katika hospitali ya Towns, mara ya mwisho Desemba 1934. Mei 1935 alikuwa safarini katika mji wa Akron, biashara ikamharibikia, akajikuta amesimama kwenye ukumbi wa hoteli huku sauti za baa zikimwita. Alikwenda kwenye simu akapiga huku na huku mpaka akaunganishwa na mlevi mwingine, daktari wa upasuaji aitwaye Robert Smith. Wawili hao walizungumza kwa saa nyingi. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo AA, chama cha walevi wanaopona, huihesabu kuwa mwanzo wake.

Miaka minne baadaye, katika mji huo huo, Smith alishirikiana na mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia, kuwalaza walevi katika Hospitali ya St. Thomas. Utaratibu wao unafaa kuigwa hata leo. Kila mgonjwa aliletwa na mtu wa AA aliyekubali kuwa mlezi wake. Kwa siku chache za kulazwa, waliokuja kumtazama walikuwa wanachama wa AA, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimsimulia alivyokunywa na alivyoacha. Alipotoka hospitali mlezi alikuwepo kumpokea na kumpeleka kwenye kikao. Mgonjwa alitoka kitandani akiingia mikononi mwa watu aliokwisha kuwajua.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Zanzibar, vijana waliokuwa wakitumia heroini walifungua nyumba ya upataji nafuu mwaka 2009, wakaiita Detroit, jina la jiji la Marekani walikotoka marafiki waliowasaidia kuianza. Soba, kama watu wanavyoziita nyumba hizi, zikaenea Unguja, kisha Tanzania Bara. Wanaoziendesha wengi ni waraibu waliopona, vikao vya Hatua 12, mpango wa kupona ulioanzia AA, ni sehemu ya ratiba, na aliyemaliza muda wake huweza kubaki akimsaidia anayeingia. Malindi nako, Omari Project imekuwa ikiwahudumia waraibu tangu 1995.

Wanaotaka ushahidi wa kitafiti wanao. Mwaka 2020 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Lilikuta kwamba AA na tiba zinazomwongoza mgonjwa kuingia AA zinalingana na tiba nyingine zilizozoeleka, na katika kumfanya mtu aache pombe kabisa na kuendelea kuiacha, mara nyingi zinazizidi.

Mantapala ina mizigo yake

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalianza kupokea watu mwanzoni mwa 2018, wakihamishwa kutoka kituo cha mpito cha Kenani. Yalijengwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Tanganyika na Haut-Katanga tangu Agosti 2017. Wengi waliona nyumba zikichomwa, wakapoteza watoto au wazazi njiani. Mtu asiyepata usingizi kwa sababu ya aliyoyaona hugundua upesi kwamba kikombe cha lutuku humlaza. Mwezi wa kwanza anakunywa ili alale. Mwaka wa pili halali asipokunywa, na asubuhi hawezi kushika jembe kabla ya kuzimua.

Lutuku ya Wakongo na kachasu ya Wazambia ni ndugu: pombe kali ya kutoneshwa kwenye dramu na bomba nyuma ya nyumba, hakuna apimaye ukali wake. Kachasu imepigwa marufuku, na bado kila mtu anajua inakouzwa. Anayeitengeneza aghalabu ni mama anayetafuta daftari na sare za watoto. Kumtukana mama huyo hakusaidii mtu, na nitarudi kwake baadaye.

Ziwani kuna majira. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kwa amri ya serikali ili samaki wazaane. Miezi hiyo mvuvi hana fedha na hana kazi. Machi ziwa linapofunguliwa, fedha zinaingia mkononi kwa mkupuo, na Kashikishi inajaa watu, biashara na pombe. Anayepanga kumpeleka mvuvi kutibiwa aitazame kalenda hiyo. Miezi ya kufungwa inafaa kwa kulazwa kwa sababu hapotezi kipato. Lakini akirudi mwishoni mwa Februari bila kikundi, atakuwa anaingia penye hatari kubwa ya mwaka mzima akiwa peke yake.

Pimeni uzito wa tatizo kwanza

Si kila anayekunywa anahitaji kulazwa. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo mhudumu wa kliniki anaweza kukusomea kwa dakika chache. Linauliza unakunywa mara ngapi, kiasi gani, kama umewahi kushindwa kuacha ukishaanza, kama umehitaji pombe asubuhi, kama umemuumiza mtu. Alama za juu kabisa ni 40. Aliyefikisha 8 anakunywa kwa namna ya hatari, na aliyefikisha 20 huenda tayari ni mraibu. Wa alama za chini wengi husaidika kwa ushauri na kikundi wakiwa nyumbani.

Hapa Zambia kuna tiba ya mazungumzo iitwayo CETA, inayotolewa na washauri wa kawaida waliofunzwa, wala haidai shahada ya udaktari. Ilijaribiwa Lusaka kwa familia 248 zenye ulevi na ukatili wa ndoa, na matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba ukatili ulipungua na unywaji wa hatari ulipungua. Baadaye tiba hiyo, pamoja na ushauri mfupi kuhusu pombe, ilipelekwa Mantapala kuchunguzwa kwa wakimbizi na wenyeji. Ulizeni kliniki kama wapo washauri waliofunzwa namna hiyo, kwa sababu tiba hii hugusa pia majonzi ya vita ambayo kikao cha walevi hakikuundwa kuyatibu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo likipuuzwa huua. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, na asifungiwe chumbani ili "imtoke". Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla hutetemeka, hutoka jasho, hutapika. Kati ya saa 6 na 48 baada ya kikombe cha mwisho anaweza kupata degedege. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu au watu wasiokuwepo, joto likapanda, na asipotibiwa akafa. Watu husema amerogwa au ana pepo, kumbe ni mwili unadai pombe. Aliyewahi kuanguka degedege alipoacha pombe, mwenye mimba, mwenye kifua kikuu, au aliyedhoofika kwa kutokula, siku hizo za kwanza azipitie mbele ya mhudumu wa afya. Kliniki ya makazini ni mlango wa kwanza, na Hospitali ya Misheni ya St. Paul's huko Kashikishi ni mlango wa pili. Dawa ya kutuliza degedege hutolewa kwa kipimo cha daktari, na vitamini B1 hulinda ubongo wa mlevi aliyekaa na njaa. Mpeni maji na chakula, na msimpe vidonge vya dukani kwa kukisia.

Anzisheni kikundi kabla ya safari

Kuanzisha kikundi hakuhitaji ofisi wala mfadhili. Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wanaotaka kuacha wakikutana kwa ajili hiyo, tayari ni kikundi. Sharti la uanachama ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada. Jamaa zangu wa Mantapala, hamna haja ya kungoja mtu kutoka Lusaka. Mwarifuni afisa wa ofisi ya wakimbizi na viongozi wenu ili pasiwe na shaka juu ya mkusanyiko, tafuteni mahali pasipo na baa jirani, chagueni siku mbili za juma na saa isiyobadilika.

Kikao chenyewe kinaweza kwenda hivi. Ni saa kumi alasiri, watu saba wamekaa kwenye vigoda na mikeka chini ya mwembe, katika duara, hakuna meza wala kiti cha mkubwa. Anayeongoza zamu hii anasoma masharti matatu: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, hakuna kumkatiza msemaji, hakuna kumwambia mwenzako la kufanya asipouliza. Simu moja imewekwa katikati kuhesabu dakika tano kwa kila mtu. Mvuvi anaanza: "Mimi ni mlevi. Leo ni siku ya kumi na mbili. Jana mwenye mtumbwi alinilipa, nikazunguka njia ya shuleni ili nisipite pale kwa mama." Anayefuata anasema kwamba amekunywa Jumapili, baada ya mazishi. Hakuna anayeguna. Wanamwambia, "Karibu, ndugu," na zamu inasonga. Mwishoni kila mmoja anasema atapita wapi na kufanya nini mpaka kikao kijacho, na wawili wanakubaliana kutembeleana kesho asubuhi, saa ile ile ambayo mmoja wao alizoea kuzimua. Saa moja imekwisha, wanatawanyika.

Ndani ya saa hiyo mlevi amesikia mambo ambayo mke wake, pasta na daktari hawawezi kumwambia, kwa sababu wao hawakuzunguka njia ya shuleni. Anaona kwa macho mtu anayemjua, aliyelala mtaroni mwaka jana, sasa amekaa anaongea akiwa na akili zake.

Yapo mambo manne yanayovunja vikundi, na afadhali kuyazuia mapema. La kwanza ni fedha. Changishaneni kwacha moja moja ya chai, ziishe siku hiyo hiyo, na akiba na mikopo iachwe kwa vikundi vyake. La pili ni dini. Katika makazi wapo Wakatoliki, Wapentekoste, Wakimbangu, Waislamu na wengineo. Hatua 12 zinamtaja Mungu kama kila mtu anavyomfahamu, na hapo inatosha. Kikao kikigeuka ibada ya kanisa moja, wengine watajitenga. La tatu ni umbea. Siri ikitoka mara moja kikundi kimekufa, hasa mahali ambapo nyumba zinapakana na kila mtu ana shemeji kila mtaa. La nne ni asili ya mtu. Mantapala ilipangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie shule na kliniki pamoja, na kikundi nacho kisiwe cha Waluba peke yao, wala cha wakimbizi peke yao. Kikao kinaweza kuendeshwa kwa Kiswahili na Kibemba, jirani akimtafsiria jirani.

Wanawake wanaokunywa wapewe siku yao. Wapo wengi kuliko tunavyokiri, na aibu yao ni kubwa maradufu. Mwanamke aliyepigwa au kunajisiwa vitani hataweza kusema neno mbele ya wanaume kumi. Wawili wakianza, inatosha.

Kuchagua kituo

Hospitali ya Chainama Hills jijini Lusaka ndiyo hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, na hupokea pia wagonjwa wa pombe na dawa za kulevya. Wapo pia watu binafsi na makanisa yenye nyumba za matibabu katika miji mikubwa. Tume ya kupambana na dawa za kulevya, DEC, ina kitengo cha elimu na ushauri nasaha kinachoweza kuwaelekeza. Anzeni na rufaa ya kliniki au St. Paul's, msianze na tangazo mliloliona kwenye simu.

Kabla ya kutoa hata kwacha moja, ulizeni kituo maswali haya, na majibu yaandikwe. Nani ni daktari wenu, na siku za kutetemeka mnazitibuje? Mgonjwa atakaa kwa muda gani, na gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa? Je, yupo anayeongea Kiswahili au Kibemba naye? Kwa Mkongo asiyejua Kiingereza, ushauri nasaha kwa lugha asiyoielewa ni kukaa tu. Je, mnaendelea kumpa dawa za virusi vya UKIMWI au kifua kikuu kama anazitumia? Je, vikao vya AA, au vya NA ambavyo ni vya waraibu wa dawa za kulevya, vinafanyika ndani, na wanachama wa nje huruhusiwa kuingia? Mnamkabidhi kwa nani anapotoka?

Swali la mwisho ndilo la kukupa picha. Kituo kinachojibu kwamba mgonjwa akimaliza amepona hakijui ugonjwa huu. Na penye minyororo, fimbo au kushindishwa njaa kwa jina la maombi, mchukueni ndugu yenu mwondoke. Mateso hayajawahi kumtibu mlevi, na Sheria ya Afya ya Akili ya Zambia ya mwaka 2019 ilitungwa kulinda utu wa wagonjwa.

Mkimbizi ana hatua moja ya ziada. Kutoka makazini kunahitaji kibali, na safari ya miezi miwili au mitatu inaweza kugongana na zoezi la kuhakiki majina au siku ya kugawa msaada. Nendeni ofisini mapema na barua ya rufaa, ombeni kibali cha muda wote wa matibabu, mweleze pia nani atapokea kwa niaba ya familia. Nyumba ikikosa posho kwa sababu baba yuko hospitali, lawama zitamwangukia yeye akirudi, na lawama ni njia fupi ya kurudi kwenye pombe.

Akiwa ndani, kikundi kisilale

Makosa makubwa hufanyika kipindi hiki cha utulivu. Nyumba inapumua, watoto wanalala, hakuna anayetaka kuzungumza habari za pombe. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kujenga daraja. Mtu mmoja wa kikundi ateuliwe kuwa mlezi wake, ampigie simu kila juma kwa saa inayoruhusiwa na kituo. Aliyeko ndani naye ahudhurie vikao vya huko hata kama vinamchosha, ajifunze namna ya kukaa katika duara na kusema ukweli, ili kikao cha Mantapala kisiwe kigeni kwake.

Utafiti mdogo wa mwaka 1981, wa Sisson na Mallams huko Marekani, ulichukua walevi 20 waliokuwa wakitibiwa. Nusu walielezwa habari za vikao na kuhimizwa kwenda. Nusu nyingine, mshauri alimpigia simu mwanachama wa AA pale pale mbele ya mgonjwa, wakaongea, na mwanachama akaahidi kumsindikiza. Katika kundi la kwanza hakuna hata mmoja aliyekwenda. Katika la pili walikwenda wote. Watu walikuwa wale wale na ugonjwa ule ule. Tofauti ilikuwa sauti ya binadamu kwenye simu na mtu wa kuongozana naye. Kwa hiyo msimpe ndugu yenu karatasi yenye siku na saa za kikao. Mpeni mtu.

Siku ya kurudi na miezi mitatu ya kwanza

Anaposhuka kwenye basi Kashikishi, mlezi awe amesimama stendi. Kati ya stendi na Mantapala pana vibanda vingi vya pombe, na mtu aliyetoka safari ndefu na nauli iliyobaki mfukoni asiachwe apite peke yake. Siku hiyo hiyo, au kesho yake, ahudhurie kikao hata kwa nusu saa. Sherehe ya kumpokea iwe ya chakula na munkoyo mtamu wa siku moja, usiokaa ukachacha. Wazee wanaotaka kumkaribisha kwa chupa waambiwe mapema, kwa heshima na bila kumung'unya maneno.

Wenye AA hupenda kumwambia mgeni ahudhurie vikao 90 katika siku 90. Kwetu vikao vya kila siku huenda visiwezekane, lakini kuonana kila siku kunawezekana. Siku mbili ni za kikao. Siku tano nyingine ni za kutembeleana, kulima pamoja, kuvuta maji, au kupigiana simu pale mtandao unaposhika. Muhimu ni kwamba pasipite siku nzima bila kuongea na mtu mmoja anayejua.

Pangeni saa za hatari kwa majina yake. Siku ya malipo, fedha apewe mkewe au mlezi kwa makubaliano yao, mpaka azoee. Siku ya msiba, asiende bila mwenzake, na aondoke mapema. Ziwa linapofunguliwa Machi, kikundi kiongeze kikao cha jioni mwambaoni kwa wiki za kwanza. Usiku wa ndoto mbaya za vita, ajue mlango wa kugonga. Ndoto hizo zisipoisha, arudishwe kwa mshauri wa kliniki, kwa kuwa kikundi hakiwezi kuchukua nafasi ya tiba.

Na kama pombe inatengenezwa nyumbani kwake mwenyewe, hilo lizungumzwe kabla hajarudi. Mama anayetonesha lutuku ameshika ada ya watoto kwa mkono huo. Kumwambia aache bila kumpa njia nyingine ni kumwambia watoto wakae nyumbani. Kikundi, kanisa na mashirika yaliyopo wamsaidie apate mtaji wa biashara nyingine, iwe chisense iliyokaushwa, mboga au mandazi. Wakati hilo likitafutwa, dramu liondoke kwenye uwanja ambao mgonjwa analala.

Akirudia kunywa

Wengi hurudia, na wengi kati ya waliorudia huja kupona. Akilewa, angalieni kwanza usalama: anapumua vizuri, analala ubavu asijepaliwa na matapishi, watoto wako salama. Maneno yangoje mpaka alevuke. Kisha mlezi aje siku hiyo, amwulize ilianzia wapi, wapi hasa, saa ngapi, akiwa na nani. Amepatwa na mtihani ambao kikundi hakikuuona, na kikundi kinapaswa kuujua ili kimlinde yeye na wengine. Kama alikunywa siku moja, arudi kikaoni. Kama ni wiki nzima mfululizo, apite kliniki kwanza, kwa sababu hatari ya degedege imerudi. Kwa anayetumia heroini hatari ni kubwa zaidi: mwili uliokaa miezi bila dawa hauvumilii tena kipimo cha zamani, na anaweza kufa siku ile ile ya kwanza ya kurudia.

Na ninyi wa nyumbani

Mke wa mlevi, mama yake, watoto wake wakubwa, wote wameumwa pamoja naye. Wamedanganya kwa majirani, wamelipa madeni yake, wamelala na viatu miguuni tayari kukimbia. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa yule Bill wa AA, alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikao vya jamaa wa walevi, kwa kuwa aliona waume wanapona na wake wanabaki na majeraha. Akina mama wa Mantapala, kaeni nanyi siku moja kwa juma. Jifunzeni kumpenda mtu bila kumlipia deni la pombe, kumpikia bila kumficha, kumngoja bila kuacha maisha yenu. Na penye kipigo, usalama wako na wa watoto utangulie kupona kwake. Nenda kwa viongozi, kliniki au polisi, wala usingoje amalize matibabu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kituo kimoja, hata kiwe kizuri namna gani, hakimalizi ulevi. Basi juma hili, kabla ya kupitisha mchango wa nauli ya Lusaka, tafuteni watu wawili wanaotaka kuacha, mkubaliane siku, saa na mti wa kukaa chini yake. Juma lijalo mwende kliniki mwombe kusomewa yale maswali 10 ya AUDIT. Kikundi kikishafanya vikao bila kukosa, na mlezi amepatikana, na kibali kimeandikwa, hapo mpelekeni ndugu yenu kwa moyo mkunjufu. Atakapokuwa njiani kurudi, awe anajua jina la mtu anayemngoja, na siku ya kikao chake cha kwanza.